Posa ya Mafuta ya Ndege

Tok.

Hiyo ni sauti ya dumu la mafuta ya taa chini ya meza yangu. Mchana jua likipiga bati linavimba, na gizani likipoa linajirudi, tok, kama mtu anayevunja vidole. Nimeizoea. Lakini usiku wa jana niliota kwamba baada ya tok hiyo dumu lilikohoa, likasafisha koo, likaniita.

"Mama Zamda, amka uvae. Mtoto ameshapanda ndege."

Nikaliamkia kwanza, maana sauti ilikuwa ya mtu mzima. Likaitikia marahaba, likasema niliite shangazi. Nikapapasa kitandani upande wa ukutani. Mahali pa Zamda pana joto, lakini Zamda hayupo. Hata kandambili zake hazipo.

Shangazi Dumu akanieleza bila haraka. Zamda yuko kwenye ndege ya kwenda Songea kwa baba yake. Hilo halikunishangaza. Baba yake anachomelea vyuma kwenye kambi ya barabara huko, huu mwezi wa kumi na moja hajarudi, na likizo yake imeahirishwa mara mbili. Nyumba yetu ya Kipunguni iko chini ya njia ya ndege, na kila ndege ikipita juu ya bati namwambia Zamda hiyo inakwenda kwa baba. Ana miaka minne. Siku hizi akiulizwa baba yuko wapi, anasema yuko juu.

Nikauliza sasa tatizo liko wapi.

"Tatizo ni mafuta," akasema Shangazi Dumu. "Yaliyomo yanamfikisha juu ya Ifakara. Ya kutoka Ifakara mpaka Songea bado hayajaposwa."

Nikaelewa mara moja. Jumanne na Alhamisi nasoma masomo ya jioni, biashara, kwenye shule ya msingi nyuma ya soko, na wiki iliyopita Mwalimu Kidunda alitufundisha mambo hayo hayo. Shirika la ndege linauza tiketi leo, kwa hesabu ya leo. Abiria anasafiri baada ya miezi mitano, na mafuta ya siku hiyo yatauzwa kwa bei ambayo leo hakuna anayeijua. Bei ikipanda, huwezi kumfuata abiria nyumbani kwake ukamwambia aongeze. Kwa hiyo mashirika yanakwenda kwa wauzaji mapema, yanapatana bei kabla ya siku. Kisha mwalimu akaandika ubaoni: Wapatane mapema kwa mafuta kiasi gani? Hapo jirani akanipigia simu kwamba Zamda analia ananitaka, nikatoka. Jibu sikulisikia.

Nikamweka Shangazi Dumu kichwani, nikafungua mlango. Uchochoro wetu haupo. Mlango umefungukia uwanja wa ndege, na kwenye njia ya kurukia yametandikwa majamvi, mamia ya majamvi, mpaka macho yanapoishia. Watu wamekaa upande huu na upande huu wamevaa kanzu. Katikati kuna sinia la tambuu na barua ya posa.

Spika ya uwanja ina sauti ya Bi Mkunde, jirani yangu anayeuza vitumbua. Inatangaza kwamba ndege ya Zamda inapita Kibaha, na kwamba aliyeazima mbuzi yake ya nazi airudishe. Mbuzi ninayo mimi. Nikainamisha kichwa kadiri dumu lilivyoruhusu.

Bibi harusi mtarajiwa alikuwa Mafuta ya Ndege mwenyewe. Alikaa ndani ya tangi jeupe lililofunikwa kanga, linaonekana bomba tu. Shangazi Dumu akaninong'oneza kwamba yule ni mtoto wa kaka yake. Ukoo wao mmoja, mafuta ya taa na mafuta ya ndege. Mwenzao amesafishwa zaidi kidogo, basi hasalimii watu.

Upande wa bibi harusi msemaji alikuwa mjomba, na mjomba jina lake Bei.

Mjomba Bei alikuwa mtu mpole mwenye redio mapajani. Sheria ya mahari ilikuwa rahisi: mahari ni urefu wake. Fundi cherehani anasimama karibu, futi mkononi, na pande zote mbili zikisema "tumekubali," fundi anampima mjomba kutoka kisigino mpaka kofia, hapo alipo wakati huo. Kila inchi ina fedha yake. Ikishapimwa imepimwa. Mahari haiongezwi na haishushwi, hata mjomba afanye nini kesho yake.

Shida ni kwamba mjomba hatulii. Redio inasema kuna meli imekwama kwenye mlango wa bahari ya mbali, anasimama, kofia yake inakamata nyaya za umeme. Redio inasema huko kwenye nchi za baridi mwaka huu hakuna baridi, anakaa, magoti yanampita masikio. Kila akisimama anaomba radhi.

"Samahanini," anasema. "Si mimi."

Upande wa bwana harusi alikuwa Bwana Luhende, mkurugenzi wa shirika la Mbayuwayu, shirika lenye ndege moja, ndiyo hiyo aliyopanda mwanangu. Alikuwa amevaa suti na juu yake koti la kujiokolea majini. Nikaambiwa mwaka jana watu walimshauri aje kuposa mapema, akasema atangoja mjomba akae chini kwanza. Mjomba akasimama miezi tisa. Bwana Luhende aliuza viti vya ofisi, akauza na meza, na mwaka huu amekuja ameapa kwamba ataposa mafuta yote, ya mwaka mzima, kwa mkupuo mmoja.

Wazee wa upande wa bibi harusi wakaanza na faini. Faini ya kutanguliza mguu wa kushoto. Faini ya kutopiga hodi kwenye uwanja usio na mlango. Kisha mzee mmoja akafungua barua ya posa, akanusa, akaipitisha kwa mwenzake naye anuse. Barua haikufungwa kwenye leso. Bwana Luhende alikuwa ameifunga kwenye kitambaa cha kufutia injini. Jamvi zima likacheka, na faini ikawa kubwa kuliko zile mbili pamoja.

Aliyecheka zaidi hakuwa hata na posa. Ni Bwana Mashauri, mwenye shirika jingine, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa anatafuna hindi la kuchoma. Yeye haposi. Yeye, alisema, ananunua mafuta ya siku kwa siku hiyo, bila barua wala jamvi.

"Luhende, kaka yangu," akasema, "mwaka jana ulikuja umechelewa, mwaka huu umekuja na tambara. Mwakani uje na mama yako akuombee."

Wakati huo mjomba alikuwa amekaa, na kweli ndege za Mashauri zilikuwa zinajazwa kwa fedha kidogo, zinaruka moja baada ya nyingine. Redio ikakohoa. Ikasema kuna bomba limepasuka nchi fulani. Mjomba akasimama, akapita nyaya, akapita mnara. Ndege ya Mashauri iliyokuwa inakimbia njiani ikapunguza mwendo, ikageuka, ikarudi imeachama kama kifaranga. Abiria wakashuka, wakavua viatu, wakaanza kuisukuma. Bwana Mashauri akaacha kutafuna, hindi likabaki mdomoni.

Spika inasema ndege ya Zamda inapita Morogoro. Zamda amemaliza karanga, anaomba maji.

Miguu yangu haitaki kusimama. Natembea kutoka jamvi hili kwenda lile, narudi, nakwenda, dumu kichwani.

Bwana Luhende alikuwa amepauka. Akasema tukubali sasa hivi, yote, kabla mjomba hajafika mbinguni. Fundi akaletewa ngazi, akaanza kupanda na futi yake mdomoni. Mzee wa faini akahesabu fedha zilizomo kwenye tambara, akainua macho kumtazama mjomba alivyorefuka, akasema kwa urefu ule fedha zinatosha mafuta ya kutoka Ifakara mpaka Mlimba. Mpaka Songea hazifiki.

"Na tukingoja?" akauliza Bwana Luhende.

"Akikaa, mtafika. Akizidi kupanda, hata Mlimba hamtaiona."

"Sasa atakaa au atapanda?"

Wote tukamtazama mjomba. Mjomba, kutoka juu kule, akasema angependa sana kujua na yeye.

Nikasikia sauti yangu inasema fundi ashuke. Wakageuka. Bwana Luhende akaniuliza mimi ni nani katika posa hii, nikamwambia mimi ni mama wa abiria. Wazee wakashauriana, wakaona mama wa abiria hana jamvi katika posa, kwa hiyo kusema kwake ni faini. Sikuwa na fedha. Nikakata kifungo cha gauni langu, nikawapa, wakakipokea wakakiandika.

Kwanza nilijaribu kumtuliza mjomba. Nikamwomba atulie walau dakika moja, apimwe, mtoto asipate shida. Akaanza kulia. Machozi yake yalichukua muda kufika chini.

"Najaribu, mwanangu," akasema. "Tangu nizaliwe sijawahi kukaa mpaka chai ikapoa."

Nikamwonea huruma, na katika kumwonea huruma nikamwona Zamda. Idd iliyopita nilimpeleka kwa fundi apimwe gauni. Hasimami. Fundi akishika bega, mtoto yuko mlangoni. Akishika kiuno, mtoto yuko chini ya cherehani. Fundi akanirudishia kitambaa, akasema mtoto huyu hapimiki. Nikampima mwenyewe nyumbani. Mkono nilimpima akila. Kiuno nilimpima akioga. Urefu nilimpima kalala. Nikampelekea fundi vipimo, nikamwambia aache na upindo, maana hakuna ajuaye mtoto atarefuka kiasi gani. Gauni lilimkaa. Si sawasawa kabisa, bega moja lilikuwa linashuka, lakini alilivaa Idd nzima.

"Tusimpime mara moja," nikasema. "Tumpime vipande vipande, hivyo hivyo anavyohangaika. Mafuta tuyagawe. Fungu moja tulipatane sasa, jingine baadaye, jingine baadaye tena. Na kidogo tukiache upindo, cha kununua kwa bei ya siku hiyo."

Mzee wa faini akasema katika ukoo wao binti anaposwa mzima. Shangazi Dumu, ambaye mpaka hapo alikuwa ametulia kichwani pangu, akasema yeye mwenyewe ameposwa kwa kibaba maisha yake yote, na heshima yake iko pale pale. Kwa kuwa alikuwa shangazi, wazee wakakubali.

Fungu la kwanza tulilikubali mjomba akiwa bado yuko juu. Fundi akapima, akatamka inchi, mzee akaandika. Wino haujakauka, redio ikasema bomba limezibwa. Mjomba akakaa, puu, kwenye jamvi.

Bwana Luhende akashika kichwa. Akasema ningengoja kidogo tu tungepata rahisi. Nikamwambia ni kweli, na tupime fungu la pili sasa, akiwa amekaa. Tukapima. Redio ikasema meli ya pili imekwama juu ya ile ya kwanza. Mjomba akasimama, safari hii tukamwona mpaka kifundo cha mguu tu.

Bwana Luhende akashika kichwa tena. Akasema ningepima yote alipokuwa amekaa. Nikamwambia na hilo ni kweli. Mara zote mbili nilikosea, lakini kila mara nilikosea kwa fungu moja tu.

Bwana Luhende akavua lile koti la kujiokolea, akalikunja, akalikalia.

Spika inasema ndege imepita Mikumi. Maji Zamda amepewa. Amelala.

Likabaki fungu la tatu na upindo. Kupima sasa haiwezekani, mjomba hata magoti yake yamo mawinguni. Kungoja siwezi. Nikawauliza wazee kama wanapokea kishika uchumba. Nikaeleza: tunawaachia fedha kidogo leo, nanyi mnatuwekea fungu hili kwa urefu wa mtu aliyesimama kawaida. Mjomba akibaki mawinguni, tunakuja tunachukua kwa urefu huo tuliopatana. Akikaa, tunakwenda kununua kwa bei ya kukaa, na hamtudai kitu.

"Kishika uchumba hakirudi," akasema mzee. "Mje msije, hakirudi."

"Hakirudi," nikasema. "Ni cha kutulipia usingizi."

Wakanong'onezana muda mrefu. Bwana Mashauri alikuwa amesogeza ndoo yake karibu, ameweka hindi chini, anasikiliza. Akaniuliza taratibu kama darasa letu la jioni lina nafasi. Nikamwambia zipo, aje na daftari lake na kiti chake.

Mzee akasema tumekubali. Bwana Luhende akasema tumekubali. Shangazi Dumu akapiga kigelegele kirefu kichwani mwangu mpaka meno yakaniuma, kanga ikaanguka kwenye tangi, na bomba likafunguka lenyewe.

Spika haikutaja mbuzi ya nazi safari hii. Ilisema ndege imefika juu ya Ifakara, na injini ya kushoto imenyamaza.

Nikamkinga Shangazi Dumu chini ya bomba. Ni dumu la lita tano, lakini mafuta yaliingia, yakaingia, yakaingia yote, na nilipojitwisha uzito ulikuwa ule ule wa maji ya asubuhi. Nikaondoka. Njia ya kurukia ikapanda mlima bila kuwa na mlima. Majamvi yakaisha, nikakanyaga mawingu, ambayo ni kama kukanyaga godoro la mgeni: unajisikia vibaya kulichafua. Sikukimbia. Mtu mwenye dumu kichwani hakimbii, hata kama ni mtoto wake.

Ndege ilikuwa pale, imeinama upande mmoja, inaelea kama kuku aliyelowa. Rubani akafungua dirisha.

"Ya kuposwa au ya siku?"

"Ya kuposwa. Na kidogo upindo."

"Pita bawani."

Nikapita bawani, nikafungua mfuniko, nikamimina. Shangazi Dumu hakusema kitu, alikuwa anaimba chini chini. Kwenye dirisha la tatu niliona paji la uso la Zamda limegandamana na kioo, mdomo wazi, amelala. Sikumpungia, mikono yote miwili ilikuwa imeshika dumu. Nilimtazama tu nikimimina. Tone la mwisho lilipoingia, injini ikakohoa mara mbili, ikashika, na bawa likaniondoka chini ya miguu taratibu, kama mkeka unaokunjwa na mtu mwenye adabu.

Nikabaki nimesimama hewani juu ya mashamba ya mpunga ya Ifakara, dumu tupu mkononi. Ndege inakwenda kusini, inakuwa ndogo. Namuuliza Shangazi Dumu kama yatatosha. Anasema mafungu matatu yanatosha mpaka karibu. Ule upindo hatujui. Namuuliza karibu ni wapi. Ndege imekuwa nukta. Spika haisikiki huku. Nanyoosha shingo, nasimama kwa vidole vya miguu, nahama wingu hili kwenda lile kutafuta pa kuonea, na nukta yenyewe siioni tena.

Niliamka nimesimama katikati ya chumba. Kumekucha. Zamda alikuwa kitandani, uso ukutani, kanga yangu imemzunguka miguu.

Nikakaa ukingoni mwa kitanda. Kisha nikachukua simu kuangalia saa, nikakuta ujumbe wa Baba Zamda, umeingia alfajiri. Ameambatanisha picha. Tangu nimjue hajawahi kukaa siku mbili bila kunyoa; kwenye picha ana ndevu, nyeusi, zimemjaa mpaka chini ya masikio. Ameandika kwamba kiwembe kambini kimeadimika, nisicheke, na nisimwonyeshe Zamda, anataka kumshtukiza akija mwezi ujao. Likizo imekubaliwa.

Nilisoma mara mbili. Nikazima simu, nikaiweka chini ya mto.

Zamda akageuka. Shavu la kushoto lilikuwa na wekundu, kama lililosuguliwa na brashi, na alikuwa analipapasa kabla hata hajafumbua macho. Akanitazama, akapiga mwayo.

"Mama, ndevu za baba zinachoma."